Aliyefunga Mvua

Jumatatu, 5 Februari 2001

Bado natafsiri ripoti ya wanasayansi kuhusu joto la dunia. Umeme umekatika tangu asubuhi, feni imelala, jasho linadondokea karatasi. Semina ya waheshimiwa wabunge ni wiki ijayo na mkuu wa kitengo anataka Kiswahili chepesi. Leo nimefika kwenye sentensi moja, nikairudia na kuirudia. Wanasayansi wa nchi ambazo hata bei ya kahawa haziwezi kuafikiana, hapa wamekubaliana: sehemu kubwa ya joto lililoongezeka miaka ya karibuni imesababishwa na binadamu. Mafuta, makaa ya mawe, viwanda, misitu inayokatwa. Jua peke yake halitoshi kulieleza.

Nimeshtuka. Miaka yote nilidhani ni mipango ya Mungu.

Alhamisi, 8 Februari

Shangazi Mbeleje yuko hapa kwangu mjini, Area D. Nimetoka kazini nikamkuta kibarazani, amekaa chini, mkono wa kushoto umevimba. Alitembea kutoka kijijini hadi Msalato, huko akapewa lifti ya lori. Hospitali wamesema mkono haukuvunjika.

Wanakijiji wamemchomea nyumba. Wanasema amefunga mvua. Mtama umekaukia magotini, na yeye ni mjane asiye na mtoto, anaishi peke yake. Ikatosha.

Nilimuuliza ni nani.

"Kiberiti alikuwa nacho Yohana."

Yohana ni kaka yangu. Mama alipofariki, Shangazi ndiye aliyetulea. Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kijijini. Yohana nilimkuta shambani, anang'oa mtama mkavu awape ng'ombe. Kwa mara ya kwanza maishani sikumpa shikamoo.

Nilimweleza habari za ripoti, za moshi, za nchi za mbali. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia wanasayansi hawawezi kuushika ukame huu mmoja wakasema umetokana na moshi ule. Ila joto la dunia nzima, hilo ni la watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Si mjinga, kamaliza kidato cha nne.

"Kumbe na wewe unasema ni watu," akasema.

"Si Shangazi. Amechoma nini yule zaidi ya kuni za ugali?"

"Hao wa mbali nitawafikiaje, Esta? Watoto wangu wanalala njaa hapa."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Wakati wa kurudi nikapita polisi. Nimetaja jina la kaka yangu. Askari aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani sikwenda. Shangazi alitaka kujua ninaandika nini kutwa nzima. Nikamsomea tafsiri, nikichanganya na Kigogo palipokuwa pagumu. Akauliza kama wenye viwanda hivyo wanajua. Nikamwambia sasa wanajua. Akauliza kama wataacha. Nikamwambia sijui.

Akaendelea kuchambua mlenda. Baadaye akasema mtoto asipigwe huko ndani. Nilichelewa kuelewa kuwa anamsema Yohana, aliye mahabusu tangu jana.

Jumatano, 14 Februari

Semina imekwisha. Mheshimiwa mmoja aliuliza, kama wote hao wamekubaliana, mbona yeye ndiyo kwanza anasikia leo. Halafu chai.

Ijumaa, 16 Februari

Mvua tangu alfajiri. Barabara zote tope.

Saa za mchana akapita jirani yetu wa kijijini, kaleta kuku sokoni. Kule imenyesha jana, kubwa, korongo limejaa. Wanawake wamepiga vigelegele. Yohana ametoka kwa dhamana, wamempokea kwa shangwe. Wanasema si mnaona, Mbeleje ameondoka tu, mvua imerudi.

Alikuwa akinisimulia kwa furaha, kama mtu anayeleta habari njema. Nikataka kumtoa nje haraka kabla Shangazi hajasikia. Kumbe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Basi siwezi kurudi tena," akasema.

Hakulia. Alimwuliza jirani kama watoto wa Yohana hawajambo, akampa uji, akamsindikiza hadi barabarani kwenye manyunyu.

Jioni nimetoa nguo zangu kwenye nusu ya kabati. Shangazi amesema hana cha kuweka humo. Nimeiacha wazi hivyohivyo.