Maji ya Mashine Yanayonuka Moshi

Neema, uko? Natoka kwa Nosim sasa hivi.

Ile mashine yao ya kuvuta maji hewani! Mumewe, Lekoko, kaalika wageni kutoka Karatu waje waonje. Wakatema! Yananuka moshi!

Lekoko akamgeukia mkewe: "Mchafu wewe!" MBELE YA WATU.

Mama mkwe wa Nosim akanywa kikombe kizima, anajisifu: "Matamu. Asubuhi nimelifukiza tangi kwa kijinga cha moto, kama tunavyofukiza kibuyu cha maziwa kinukie vizuri."

Mama yake Lekoko mwenyewe, Neema!

Unadhani Lekoko aliomba radhi? Alicheka. ALICHEKA.

Nosim akaizima mashine, akambwagia madumu miguuni, wageni wanaangalia: "Mchafu hachoti tena. Kisimani unakujua."