Kwa Toleo, Aliyezifanya Kurasa Zisikike

Mwaka umetimia leo, Toleo, tangu alasiri ile ulipotutoka. Bado kuna siku Mama anapanga vikombe vinne mezani, kisha anakirudisha cha nne kabatini.

Toleo si jina ulilopewa ulipozaliwa. Ulipachikwa jina hilo na kaka yako, kwa sababu haikupita wiki bila wewe kuingia ndani, hata viatu hujavua, ukitangaza: "Toleo jipya limetoka!" Toleo la nini, hatukujua. Mara kivinjari, mara zana ya kupangia kurasa, mara kitu ambacho hata ulipokieleza kwa vijiko na vifuniko vya sufuria tulibaki kutazamana. Furaha yako ndiyo tuliyoielewa. Orodha ya mabadiliko ya programu uliisoma kama mtu aliyepata barua ya mchumba: polepole, unatabasamu, ukifika chini unarudi juu kuanza upya.

Ulikuwa na tovuti yako mwenyewe yenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa na sentensi moja: "Natengeneza tovuti, karibu tuongee." Kila ilipotoka zana mpya uliibomoa tovuti hiyo na kuijenga upya. Mara kumi na moja! Mama akiwa kwenye cherehani yake alikuuliza, "Sasa hii ina tofauti gani na ya mwezi uliopita? Si maneno ni yale yale?"

"Kwa ndani, Mama! Laiti ungeiona kwa ndani!"

Baba anasimulia hadi leo siku ulipoanza kupenda huko ndani, ukiwa bado sekondari. Ulirudi mbio kutoka chumba cha kompyuta cha shule ukamkuta kibarazani akichora kibao cha duka la dawa, harufu ya tapentaini imefika hadi barabarani. "Baba, leo nimebofya nikaona kilichoko chini ya ukurasa. Kumbe ni maneno tu! Picha, rangi, mistari, vyote vimeandikwa kwa maneno!" Baba hakuinua brashi. Alisema, "Basi na wewe ni mchora vibao." Ukakubali papo hapo, kana kwamba mmepeana mkono.

Na kweli ulifanya kazi kama yeye. Alikuwa amekufundisha kwamba A na V zikiwekwa kwa rula huonekana zimeachana, lazima uzisogeze kwa jicho. Wenzako ofisini walizoea kukuona umesimama hatua tatu nyuma ya skrini, jicho moja umelifumba, kidole gumba umekinyoosha mbele yako, kama Baba mbele ya ukuta wa mtu. Walikutania sana. Kisha walikuja mmoja mmoja kukuomba uwatazamie kurasa zao.

Halafu macho ya Baba yakaanza kuondoka.

Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imeshakula sehemu kubwa kabla hajamwambia mtu. Alificha. Aliendelea kuchora kwa mazoea ya mkono, mpaka siku mwenye saluni aliporudisha kibao chake, kwa upole kabisa, akiomba kirekebishwe. Herufi zilikuwa zimeteremka zote upande mmoja kama watu kwenye ngazi. Baba alikipapasa kile kibao kutoka mwanzo hadi mwisho, akaomba radhi, akaingia ndani. Wiki hiyo aligawa brashi zake zote.

Kwa miezi kumi na minne hakutoka nje, isipokuwa kwa kuvutwa kwenda kliniki. Alikaa ukingoni mwa kitanda ameelekeza uso ukutani. Wewe ulikuja kumweleza kazi zako kama zamani, naye akakukatiza: "Usiniletee habari za rangi, mwanangu. Mimi na rangi tumeshaagana." Ulitoka ukaja kukaa jikoni na Mama. Mikono yako, ambayo haikujua kutulia, ililala mezani kama si yako.

Siku ya nne tangu akukatize ulirudi chumbani kwake na simu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye kioo chake. Sauti yenyewe ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyejifunza kwa wiki mbili.

"Zima hilo zimwi," Baba akasema.

Hukumbembeleza. Ulisema tu, "Baba, nina shida ya kazi. Naomba unisaidie."

Neno hilo hakuwahi kulikataa, kwako wala kwa mtu mwingine yeyote.

Ulimfungulia ukurasa uliouringia kuliko yote, wa kuwekea miadi kwenye kliniki ile ile ya macho alikotibiwa. Ulikuwa umeujenga kwa zana mpya kabisa, picha zinateleza, vitufe vinabadilika rangi ukivigusa. Ofisini walikuwa wamekupigia makofi. Baba akapitisha kidole kwenye kioo kama ulivyomwelekeza, na simu ikasema: "Kitufe." Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" Baba akauliza. "Au ndilo jina la ukoo wao?"

Kaka yako alicheka mpaka akatoka nje. Wewe hukucheka.

"Jamani!" Baba akaendelea. Alikuwa amekaa wima sasa, na sauti yake ya kibarazani ilikuwa imerudi. "Huyu kajenga nyumba ya milango mitano, hata mmoja hakuuandika! Mtu aingie wapi? Fundi gani huyu?"

"Ni mimi, Baba."

Tulidhani atajutia maneno yake. Wapi! Alinyoosha mkono hewani, akakitafuta kichwa chako mpaka akakipata. "Basi afadhali," akasema. "Wewe unafundishika. Nenda ukaviandike."

Yaliyofuata ofisini alitusimulia mwenzako wa meza ya pili, yule mliyemwita Mabano kwa kuwa kwenye programu zake alisahau kuyafunga mabano kila alipoyafungua. Ulimwomba bosi wako wiki tatu za kuujenga ukurasa upya. Akakwambia kazi imekwisha, mteja ameridhika, Alhamisi anakuja kukabidhiwa, usianze kutafuta maneno. Hukubishana naye. Ulikuja nyumbani ukamwambia Baba unahitaji shahidi.

Alhamisi hiyo Mama alimpigia pasi shati, lile lenye doa la rangi ya bluu kwenye pindo la mkono ambalo halikutoka hata kwa dawa. Ulimshika mkono mkaingia ofisini, ukamketisha kwenye meza ya mkutano, upande huu bosi wako, upande ule daktari mkuu wa kliniki. Ukasema, "Huyu ni mgonjwa wenu. Ana miadi Jumatatu, na anaomba kuisogeza mbele kwa siku mbili." Ukampa simu, ukarudi nyuma, ukasimama ukutani.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe."

Baba hakuwa na haraka. Mtu aliyezoea kutumia siku nzima kwa herufi nne hababaishwi na kimya cha watu. Dakika ya saba mtu akakohoa. Dakika ya kumi bosi wako alianza kueleza jambo, na daktari akamwinulia kiganja anyamaze. Dakika ya kumi na mbili Baba alichagua kitufe kimoja kwa kubahatisha, akakibonyeza, na lile zimwi likasema kwa utulivu wake wote: "Miadi yako imefutwa."

Daktari akainuka kwenye kiti. "Imefutwa? Ile ya Jumatatu? Ya presha?"

"Mimi nilitaka kuisogeza tu," Baba akasema.

Mabano anasema pale ndipo alipojua kwamba hukumleta Baba kuigiza. Ukurasa ulikuwa umeshaunganishwa na kliniki; miadi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa imepotea kweli. Daktari alibaki amesimama akiitazama simu. "Hawa ndio watu wetu," akasema, kama anayejisemea. "Kila siku wamejaa kwenye mabenchi yetu." Bosi wako akakugeukia. "Ulisema wiki ngapi?"

"Tatu."

"Mpe nne," daktari akasema, kisha akatoa kalamu akaiandika miadi ya Baba kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki hizo nne tuliziona kwa macho yetu, na mpaka leo hatujui tuziitaje. Zana uliyoipenda kuliko zote uliiweka kando bila hata kuilalamikia. Ulirudi kwenye maandishi ya awali kabisa, ukakipa kila kitufe jina, kila picha maelezo, kila hatua sauti. Kila jioni kabla ya chakula ulikuja na ulichomaliza, na Baba alikikagua kama anayepokea kazi kwa kibarua. "Hapa ananiambia nichague siku. Nimechagua. Mbona haniambii kama amenisikia?" Ukaandika. "Huyu anaongea mno. Mpunguzie maneno." Ukaandika. Siku moja alikurudisha mara tisa kwa kitufe kimoja, na mara ya tisa ndiyo mliyocheka nyote wawili, hata Mama akasimamisha cherehani akaja kuchungulia mlangoni. Hakuwa amekisikia kicheko cha Baba kwa zaidi ya mwaka.

Ilikuwa Jumamosi, jua bado kali, Baba alipoanza mwanzo na kufika mwisho. Tulikuwa tumesimama kumzunguka. Kidole chake kilikwenda, simu ikimjibu neno kwa neno, akichagua, akithibitisha, mpaka ikasema: "Miadi yako ni Jumatano, saa nne asubuhi."

"Nimefika mwisho?"

"Umefika, Baba."

"Na hakuna aliyenishika mkono?"

"Hakuna."

Baba aliiweka simu kitandani. Kisha akamwomba Mama viatu vyake. Alitoka mlangoni akiwa ametanguliza fimbo, akatembea hadi mwisho wa barabara yetu, akageuka, akarudi. Wewe ulisimama kizingitini umeziba mdomo kwa viganja viwili. Tulikuwa tumezoea kukuona ukistaajabia kazi za wengine. Siku hiyo zamu ilikuwa yetu.

Usidhani tunasema uliacha kupenda vipya. Uliendelea kuja mbio na habari zako, ila sasa kila zana ilipitia kwanza kwa Baba. Isiposikika vizuri, hata ingekuwa nzuri namna gani, uliishusha chini na kuwaandikia walioitengeneza, huko waliko, ukiwaeleza kosa liko wapi na lirekebishwe vipi. Wengine walikujibu na kurekebisha. Ulitusomea majibu hayo mezani umesimama, na Baba alitaka yarudiwe.

Ugonjwa wako ulikuwa wa siku tisa tu. Ulianza kama homa ya kawaida, ukaishia mahali ambapo madaktari hawakuweza kukurudisha. Hata wodini ulimuuliza muuguzi mashine iliyo kando ya kichwa chako inatumia programu gani, na toleo la ngapi. Siku ya nane, mchana, ulimwambia Baba kwamba wiki hiyo imetoka zana uliyoingojea miaka miwili.

"Inafanya nini?" Baba akauliza.

Ulimweleza kwa karibu saa nzima, ukipumzika katikati, ukirudi pale ulipoachia. Baba ametukiria kwamba hakuelewa hata nusu. Aliushika mkono wako, na kila alipohisi unakaribia kumaliza, alitafuta swali jingine la kukuuliza.

Kesho yake ukaondoka.

Mwaka huu haukuwa mwepesi, lakini tungependa ujue tulipofika. Kila Jumanne Mabano huja kumchukua Baba kwenda ofisini kwenu. Bosi wako alimwomba mwenyewe, kwa heshima. Ana kiti chake, na hakuna ukurasa unaotoka kabla hajaupitia. Vijana wanamwogopa kidogo. "Mzee, hapa tumekosea nini?" wanamuuliza, naye anawajibu, "Rudini mwanzo mnisomee, mtasikia wenyewe." Kaka yako anadai ameanza kuwa mkali kuliko alivyokuwa kwako, Mama anasema haiwezekani.

Wiki tatu zilizopita Mama alimsindikiza kliniki. Kwenye benchi, pembeni yao, alikaa mwanamke mmoja wa makamo aliyeanza kupoteza macho mwaka huu. Jirani aliyemleta alikuwa ametoka kidogo. Yule mwanamke alikuwa akilalamika, kama mtu anayeongea peke yake, kwamba kinachomuumiza si giza lenyewe, ni kuomba: akitaka maji aombe, akitaka kutoka aombe, hata siku ya kumwona daktari aombe mtu amwandikishie.

"Una simu hapo?" Baba akamuuliza.

Alimwelekeza taratibu, bila kumgusa mkono, kitufe hadi kitufe. Alipokosea alimwambia arudi nyuma, hakuna kitakachovunjika. Ilichukua muda. Wagonjwa wawili waliitwa na kuingia kwa daktari nao bado wako pale pale. Mwishowe simu ikataja siku yake na saa yake. Yule mwanamke akaisikiliza mara mbili, kisha akaibana kifuani.

"Nimeweka mwenyewe," akasema. "Nani aliyetengeneza kitu hiki?"

"Mwanangu," Baba akasema. "Wa kike. Ndiyo kazi yake."

Mama alisikia jinsi Baba alivyolisema hilo, kana kwamba leo asubuhi ulikwenda kazini. Hakumsahihisha. Alisogea karibu zaidi kwenye benchi, wakangoja kuitwa.

Unakumbukwa na baba yako, mchora vibao. Mama yako, fundi cherehani. Kaka yako aliyekupa jina. Shangazi zako, wajomba zako na watoto wao. Na wenzako wote wa kazini, wakiongozwa na Mabano. Wapo pia wengi tusiowajua, wanaoweka miadi yao wenyewe bila kulijua jina lako.

Pumzika, mwanetu. Miaka itahesabika, wewe hutasahaulika kwetu.