Uzi wa Machi

Kyustendil, Bulgaria
12 Aprili

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, Bibi mzima isipokuwa goti, na paka amenenepa. Wewe je? Mgongo umepoa?

Insha yangu kuhusu furaha imechaguliwa isomwe tarehe 24 Mei, sikukuu ya herufi zetu, mbele ya mji mzima. Nisipoisoma mwenyewe, ataisoma Plamen, yule wa darasani mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Sitaki Plamen aguse maneno yangu. Lakini unanijua, hata kununua mkate naona aibu. Nimemwambia Mwalimu Kalcheva kwamba nitasoma iwapo tu wewe utaketi mstari wa mbele. Kwa hiyo njoo.

Uzi wa Machi, ule mwekundu na mweupe tunaoufunga kila tarehe mosi Machi, bado uko mkononi mwangu. Najua mtu akiona ndege korongo au mti uliochanua huufungua na kuufunga mtini. Mimi nimeapa kuufungua siku utakaporudi, basi natembea nikitazama chini. Jana Bibi aliniambia, "Micheri yote imechanua, nawe hujaona kitu? Unatembea kama umedondosha sindano."

Bintiyo,
Nevena

Cáceres, Hispania
25 Aprili

Mwanangu Nevena,

Hujambo? Mimi sijambo, mgongo unavumilika.

Nikwambie mapema: sitakuja. Mzee Anselmo ninayemtunza amevunjika nyonga, na hakuna wa kunipokea kazi. Nimelia kidogo, sikufichi.

Sasa sikiliza. Huku makorongo hawahami, wamejazana juu ya kanisa mwaka mzima. Tarehe mosi Machi nilimwona wa kwanza kabla sijanywa kahawa, wakati fundo la uzi wangu halijakaza. Kwa desturi yetu ningeufungua palepale. Sikuufungua. Mzee akaniuliza uzi huo unangoja nini. Nikamjibu, "Haungoji kitu. Nimeupenda tu."

Jibu hilo lilinishangaza mwenyewe. Tangu siku ile naimba nikimenya viazi, ingawa hakuna kilichobadilika.

Soma insha yako.

Mama

Cáceres
16 Mei

Nevena,

U mzima? Wiki tatu hujajibu. Bibi ameniambia kwa simu kwamba umenuna na hutaki kuja kwenye simu. Nuna tu, ni haki yako. Ila usimpe Plamen karatasi zako.

Mama

Kyustendil
24 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mzee Anselmo mnaendelea vizuri. Sisi wazima.

Nilinuna kweli. Juzi nilimpelekea Plamen insha. Akasoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. "Umeandika furaha itakuja mama yako akirudi," akasema. "Mimi mama yangu yuko jikoni. Sasa nisome nini?"

Nikarudi nyumbani nikaandika upya, nikaweka habari ya makorongo yako.

Leo asubuhi, njiani kwenda ukumbini, nilifunga uzi wangu kwenye mcheri wa Bibi. Bibi akacheka, akasema huo mti una matunda tayari, nimechelewa maua ila nimewahi jamu.

Insha nimeisoma mwenyewe, mistari mitatu ya mwanzo bila kuinua macho. Bibi alikuwa amekuwekea kiti mstari wa mbele, mkoba wake juu yake, asikae mtu. Nilikitazama mara moja, hakikuwa na mtu kweli, na nikaendelea kusoma.

Bintiyo,
Nevena