Milimita Kumi, Nasimiyu

Nasimiyu,

Nimemfanya aisome ile namba kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeona nikuandikie hilo kwanza.

Jina lake sitaliandika kwenye karatasi yenye jina lako. Atabaki kocha, vile ulivyomwita, kwa heshima ambayo hakuistahili.

Unakumbuka siku niliyokupima kwenye kibanda changu cha baiskeli, Kitale? Ulivua viatu ukaegemea ukuta, kitabu cha nyimbo katikati ya mapaja, ukicheka ati pasta akituona tumefukuzwa kwaya. Nilipima kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni, nikakwambia ukweli: miguu yako mifupi, na krenki, kile chuma kinachoshika pedeli, lazima ifuate mguu. Ikizidi urefu, goti linapanda kifuani na nyonga zinayumba. Nikakufungia ya milimita mia moja sitini na tano. Wiki mbili hukusema kitu. Kisha ukarudi kutoka Ndalu umejaa vumbi, ukaniambia, "Chebet, magoti yamenyamaza."

Kocha alipoiona alicheka. "Hii ni ya watoto. Nguvu iko kwa krenki ndefu."

Nilimweleza kuhusu kona. Fremu yako ilikaa chini, na wewe ulizoea kukanyaga hata ukiwa umelala kwenye kona, kwa sababu krenki fupi ilikuruhusu. Nikamwambia akikuwekea ndefu, pedeli itagonga lami. Akaniuliza mimi nimewahi kushinda mashindano gani.

Siku moja kabla ya mashindano ya Kitale kwenda Bungoma, aliibadilisha.

Ilikuwa kona ya mteremko, mbele ya Kamukuywa. Waliokuwa nyuma yako wanasema walisikia chuma kikikwaruza, halafu baiskeli ikaruka. Ulilala hospitalini siku mbili bila kufungua macho.

Na mazishini, kwenu Mabanga, kocha alisimama kando ya jeneza lako akasema pedeli ilikuwa imelegea. "Fundi hakukaza." Watu wote wakageuka kuniangalia. Mama yako pia. Nikarudi Kitale, na waendeshaji wakaanza kupita kibanda changu wakitazama upande mwingine.

Sitakudanganya. Nililala na yule mtu moyoni na kuamka naye. Nilimtakia magoti yaoze, azeeke akiogopa kila ngazi. Kanisani tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo.

Baada ya mavuno nilisikia kwamba baiskeli yako bado iko kwa mama yako. Nikaenda. Alinikuta mlangoni, hakunikaribisha.

"Umekuja kumaliza nini?"

"Mama, naomba tu kuiona baiskeli. Nikishakuonyesha kitu kimoja, unaweza kunifukuza."

Ilikuwa kwenye stoo ya mahindi, imefunikwa gunia, haijaguswa tangu ajali. Nilimpa mama spana nikamwambia ailegeze pedeli. Alivuta mpaka jasho likamtoka, haikusogea. Nikamwonyesha ukingo wa pedeli ya kushoto ulivyolika kwa lami. Kisha nikafuta matope upande wa ndani wa krenki, namba ikatokea: mia moja sabini na tano. Nikamweleza ile tofauti ya milimita kumi. Alikaa juu ya magunia.

"Kwa hivyo alinidanganya kwa boma yangu," akasema, "na akanywa chai yangu."

Wiki iliyofuata vilabu vilikutana Kitale kumchagua kocha awe mkuu wa makocha wote wa huku kwetu. Tuliingia tukisukuma baiskeli, mama yako na mimi. Niliilaza pole pole mbele yao mpaka pedeli ikagusa sakafu, nikaweka alama ukutani pale usukani ulipofika. Nikafungua krenki, nikaweka ya mia moja sitini na tano, nikailaza mpaka alama ileile. Pedeli haikugusa kitu. Ilichukua muda, lakini hakuna aliyetoka.

Nikamnyooshea ile ndefu. "Soma namba, kocha."

"Hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Mama yako akasema, "Soma, baba. Si kwa mazishi uliweza kuongea?"

Akasoma. Sauti ilikuwa ndogo, kwa hivyo mama akamwambia arudie. Nasimiyu, ilikuwa tamu. Nilimtazama na sikumwonea huruma hata kidogo. Hawakumchagua. Waendeshaji wake walimwacha mmoja mmoja, wakaja kwangu kupimwa, na kila niliyempima nilimwambia kocha moyoni: na huyu pia nimekunyang'anya.

Mwishowe alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akiomba msamaha. Nilimwambia aende akauombe Mabanga, mahali palepale aliposimama. Alienda. Alisema mbele ya majirani kwamba pedeli ilikazwa sawasawa, na kwamba krenki aliibadilisha yeye. Mama yako akamjibu, "Tumesikia. Nenda." Chai hakupewa.

Nilidhani siku hiyo ningeshiba. Sikushiba, na sababu naijua.

Asubuhi ile ya mashindano, kwenye mstari wa kuanzia, niliiona krenki. Nilijua kwa jicho moja kwamba si yangu. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Wacha tu, bana. Nikikataa ataniacha nje." Nami nikawacha. Nikakupiga bega nikakwambia ukimbize. Mama yako hajui. Ananipikia, ananiita binti yangu.

Kwaheri, rafiki yangu. Yule mtu sijamsamehe, na sikuahidi kwamba nitamsamehe. Ninachokuahidi ni hiki: kesho naenda Mabanga. Nitamwomba mama yako aniache nisimame aliposimama kocha, mbele ya majirani walewale, na nitasema kwamba niliona, nikanyamaza.

Chebet, fundi wako