Nyanya za Shangazi Ndani ya Gari la Mbio

Mbeya, Ijumaa

Tumefika!

Sikuwahi kuvuta trela maishani. Kaka Baraka ndiye dereva wa mashindano, lakini mgongo unamsumbua, ikabidi Prado niendeshe mimi, gari lake la mbio likiwa nyuma yetu kwenye trela.

Tatizo lilikuwa shangazi wa Ilula. Kwake huondoki mikono mitupu. Sisi tunakunywa chai, yeye anajaza matenga matatu ya nyanya kwenye buti la gari la mbio, zawadi kwa ndugu wa Mbeya. Nani angemkatalia?

Tulipopita Mafinga, kwenye mteremko, trela likaanza kuyumba huku na huku. Nikajua tunaingia msituni.

"Dada, usikanyage breki! Achia mafuta taratibu!" Kaka akapaza sauti kando yangu.

Nikaachia. Likatulia. Tukasimama, tukahamishia nyanya kwenye viti vya nyuma vya Prado, maana uzito wa mkiani ndio ulioliyumbisha. Toka hapo lilinifuata kama mbuzi wa kufugwa.

Kesho ni mashindano, kwenye vumbi la Chunya. Namwogopea Kaka na huo mgongo wake.

Shangazi amepiga simu sasa hivi. Gari hakuliulizia. "Nyanya zimefika?"

Zimefika, Shangazi. Hata moja haijapasuka.