Moshi Mbele ya Tanuri la Haji Sarwar

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha usalama, Karte Naw, Kabul

Jina: Shiragha mwana wa Taza Gul. Umri: kama miaka thelathini na nne, aliyejua vizuri ni marehemu mama. Kazi: kufukiza ispandi. Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya soko la kuni, Karte Naw.

Mimi mtaji wangu ni kopo na makaa. Natia mbegu za ispandi, moshi unatoka, nakuzungushia kichwani kijicho kikutoke, unanipa chochote. Mteja asipokohoa najua bado hakijamtoka.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa Jadi, mwaka 1400 kwa kalenda yetu ya jua, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa mbele ya tanuri la mikate la Haji Sarwar. Theluji inaanguka. Kina mama wamekaa chini kwa safu kama kila siku, burka za bluu, wanangoja mkate wa sadaka. Kabla hamjarudi madarakani safu ilikuwa fupi. Sasa inafika kwa muuza mazulia. Sisemi kwa ubaya, bwana mulla, nasema urefu tu.

Marehemu, huyo mwanamke mnayeniulizia, alikuwa akikaa karibu na mlango. Jina lake silijui. Alifundisha skuli ya wasichana mpaka ilipofungwa. Nilikuwa namtania, namwita mwalimu mkuu, na yeye ananijibu, "Wewe, moshi wako unanuka kuliko hata wewe, na hiyo si kazi ndogo." Siku hiyo nikamtania, kimya. Nikajua kaninunia. Nikamtania tena. Halafu nikaona theluji imelala mapajani mwake, haiyeyuki. Kwa wenzake inayeyuka.

Nikamsogezea kopo usoni. Moshi ukaingia kwenye ule wavu wa macho, ukakaa humo humo. Kitambaa hakikutikisika. Na moshi wangu unakohoza hata punda.

Nikafungua mdomo niite watu. Sauti ya mwanamke ikatoka pale pembeni, chini chini: "Nyamaza, kaka. Mkate bado. Ana watoto nyumbani."

Kumbe waliokaa huku na huku walikuwa wamembana kwa mabega asianguke. Tangu saa ngapi, sijui.

Nikawa nazungusha kopo tu, nacheka peke yangu kama chizi. Haji Sarwar akatoka akigawa. Alipofika kwake akamwekea mkate juu ya theluji, akamwambia, "Pokea, dada." Mkono ukatoka ubavuni, ukaupokea. Haji akapita.

Safu ilipoinuka, yeye alibaki, akalala ubavu polepole. Ndipo nikawaita askari wa kizuizi. Hawakuweza kumfunua, ni mwanamke, na askari wanawake mliwarudisha makwao. Akakaa pale mpaka giza.

Umenitaka niwataje waliomshikilia. Wallahi ningekusaidia. Lakini wote bluu, bwana mulla, na sura mmekataza zisionekane. Sauti nayo ilikuwa ya mtu mwenye njaa, na hao wako wengi.

Niliyoyaona ni hayo, sina la kuongeza wala kupunguza. Nimesomewa, nimekubali.

Dole gumba: Shiragha

Maelezo ya aliyeandika ushahidi huu: Leo alasiri nilikwenda na shahidi kwenye tanuri akawatambue wahusika. Safu haikuwa na pengo. Mahali pa marehemu pamekaliwa. Nilitoa salamu, hakuitikia mtu. Nikamwamuru shahidi apitishe kopo. Walikohoa, mmoja baada ya mwingine. Aliyekaa karibu na mlango hakukohoa. Nilingoja mkate ugawiwe kwanza.

Mulla Abdul Wadud