Mlango wa Bibi umerudishwa Shato

Jumapili, jioni. Mvua imekatika, lakini baridi imeingia hadi chumbani kwa sababu nyumba yetu haina mlango.

Nimechoka. Mwanangu Nasra ana mafua, mimi nina hasira, na sijui kipi kimeninyima usingizi zaidi.

Huku Gahanga kuna jumba la zamani ambalo watu wanaliita Shato. Alilijenga Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa. Bibi yangu alikuwa akimfulia nguo, na miaka yote ile alipita nyuma, jikoni. Mbelgiji alipoondoka, jumba likabaki tupu. Majirani wakabeba vigae, mabeseni, hata mabomba. Bibi alitaka kitu kimoja tu, mlango wa mbele. Kaka zake wakaubeba mabegani, wakakuta ni mkubwa kuliko nyumba. Ikabidi ukuta ubomolewe ili mlango uingie.

Mama alizaliwa nyuma ya mlango ule. Na mimi pia.

Sasa Shato inakarabatiwa iwe hoteli, na mwenyewe mpya anataka vitu vya asili virudi. Mume wangu ni seremala kule Gisozi, na kazi ya milango kapewa yeye. Nilifurahi, kweli. Ijumaa nikampeleka Nasra kliniki. Niliporudi, nikakuta pazia mahali pa mlango wetu.

"Mama Nasra, ni mlango tu. Nitakutengenezea mwingine."

"Lini? Kitanda cha Nasra ulikiahidi akiwa tumboni. Leo anatembea."

Akacheka. Mimi sikucheka. Mganga hajigangi, na seremala ndiyo kabisa.

Leo nimembeba mtoto mgongoni, nikaenda Shato kuudai. Maneno niliyapanga njia nzima. Nikaukuta umeshafungwa mahali pake, umepigwa msasa na vanishi. Bibi haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo alichonga mikwaruzo karibu na kitasa ili mkono wake uone. Imejazwa, haipo. Kazi safi kabisa. Hilo ndilo linaloniuma: mume wangu ana mkono mzuri.

Mwenye hoteli alikuwa akiwaonyesha wageni. "Huu ndio mlango wenyewe wa zamani," akawaambia. "Umepatikana."

Umepatikana. Kana kwamba ulikuwa umepotea.

Nimerudi nyumbani bila kuudai. Hata wangenipa, Bibi asingeutambua.

Bibi yuko Batsinda kwa shangazi. Anarudi kesho, na hajui lolote. Baba Nasra ameniomba nimwambie mimi, eti mimi ndiye ninayejua kuongea na wazee.

Nimekataa. Atampokea Bibi mwenyewe akishuka kwenye teksi, amshike mkono, na amwambie kwa mdomo wake kabla hawajafika kizingitini. Mimi nitakuwa ndani, ninanyonyesha. Sitamsaidia hata neno moja.